Taa Nyekundu ya Alfajiri: Kisa cha Salfa, Ukungu na Kifaa Kimoja Newala

Asubuhi ya kwanza taa ilipowaka nyekundu, nilifurahi. Si jambo la kujivunia, ila nisipolisema kisa hiki hakitaeleweka. Kwa wiki mbili wazazi wanaokaa upande wa mashariki wa shule yetu walikuwa wakilalamika kwamba tangu mikorosho ianze kupuliziwa salfa watoto wanakohoa na kuwashwa macho. Mzee mwenye shamba linalopakana na uzio wetu alikuwa na jibu moja, kwa utulivu uleule kila mara: "Hiyo ni baridi ya kipupwe, wanangu. Mwaka gani watoto hawakukohoa?" Sasa nilikuwa na kifaa kwenye dirisha la maabara, na kifaa kilisema saa 12 alfajiri hewa imejaa chembe, saa ileile mashine ya mzee ilipokuwa ikinguruma ng'ambo ya uzio. Nikapiga picha kwa simu. Kabla ya magharibi picha ilikuwa imezunguka kundi zima la WhatsApp la wazazi.

Nafundisha fizikia katika sekondari moja huku Newala, kusini mwa Tanzania. Kifaa chenyewe niliachiwa na kijana niliyemfundisha zamani, sasa yuko masomoni Dar es Salaam. Ni kiboksi kinachoenea kiganjani, ndani yake mna feni ndogo inayovuta hewa, mwale wa leza, na jicho linalopokea mwanga unaotawanywa na kila chembe inayopita mbele ya mwale. Kinalenga chembe zisizozidi maikromita 2.5, zile zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Unywele wa mtu una unene wa maikromita 70 hivi, kwa hiyo ungehitaji kuzipanga chembe kama hizo karibu 28 ili uvuke unywele mmoja. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2021, linataka wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Alfajiri kifaa chetu kilikuwa kinaruka kiwango hicho mara kadhaa, kisha ikifika saa 3 kinarudi kijani kana kwamba hakijawahi kuona kitu.

Niwaeleze kidogo kuhusu salfa wasomaji wasio wa Kusini. Mikorosho huchanua wakati wa kipupwe, na maua yanapotoka ndipo ubwiri unga unapoyavamia. Ni ugonjwa wa kuvu unaofunika maua na machipukizi kwa unga mweupe, ukiachwa huyakausha kabla hayajashika korosho. Hapa nchini uliripotiwa mwaka 1979, wakati uzalishaji uliokuwa umefika tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74 ulikuwa tayari unaporomoka kwa sababu zaidi ya moja. Kwa hiyo ukimwambia mkulima wa Newala au Tandahimba aache salfa, umemwambia aache korosho. Na salfa ya unga hupulizwa alfajiri, kwa sababu ambazo hakuna mtu huku anayehitaji kufundishwa: upepo umelala, na majani yana umande unaoushika unga. Ukisubiri hadi saa 4, kusi inaamka na salfa yako inakwenda kwa jirani bila malipo.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha kikao chini ya mwembe, nami nikaitwa nije na "mashine ya kupimia hewa". Nilizungumza vizuri mno siku ile. Nilionyesha picha, nikaeleza maikromita, nikataja Shirika la Afya Duniani. Wazazi walitikisa vichwa kukubali. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasimama kwa kuegemea fimbo.

"Mwalimu, salfa mimi naijua kwa macho na kwa pua. Hiyo ya kwenye simu siijui. Nakuuliza kitu kimoja tu. Jumanne mpaka Alhamisi petroli ilikuwa imeniishia, mashine ililala nyumbani, na hawa vibarua ni mashahidi. Taa yako siku hizo ilikuwa rangi gani?"

Sikuwa nimetazama. Nilikuwa nimepiga picha siku ambazo nilisikia mashine, na siku ambazo sikuisikia sikuwa na sababu ya kwenda dirishani. "Nitaangalia, mzee wangu, nitakuletea jibu," nikasema, na kikao kikaahirishwa huku baadhi ya vijana wakicheka pembeni.

Usiku ule nikafungua kumbukumbu za kifaa. Jumanne alfajiri, nyekundu. Jumatano, nyekundu. Alhamisi, siku ambayo hapakuwa na chembe moja ya salfa iliyopulizwa jirani yetu, nyekundu kuliko zote.

Wengi wetu tunakosea pale nilipokosea mimi. Kosa halikuwa la kifaa. Kifaa kilifanya kazi yake: kiliona vitu vidogo vinavyotawanya mwanga, kikavihesabu. Kosa lilikuwa kuamini kwamba kwa kuwa mambo mawili yametokea saa ileile, moja limezaa jingine. Na hapa hata kule kutokea saa ileile kulikuwa na sababu yake. Mzee aliichagua alfajiri kwa ajili ya umande. Taa nayo iliwaka alfajiri kwa ajili ya umande, au tuseme kwa ajili ya kile kinachouleta umande. Vyote viwili vilikuwa watoto wa mama mmoja, nami nikamshitaki ndugu mmoja kwa kosa la mwenzake.

Mama huyo ni unyevu. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na aliyewahi kusimama kwenye genge la Shimo la Mungu asubuhi ya Julai anajua ninachosema: bonde lote kuelekea Ruvuma linakuwa limezama katika weupe, na Msumbiji ng'ambo huioni mpaka jua lipande. Kusi inatoka Bahari ya Hindi ikiwa imebeba mvuke. Ikifika kwenye mteremko wa uwanda inalazimika kupanda, na hewa inayopanda hupoa, kama nyuzi 1 kwa kila mita 100 kabla haijaanza kufanya wingu. Usiku ukiwa hauna mawingu ardhi nayo inapoteza joto lake kwenda angani. Ikifika alfajiri hewa haina tena uwezo wa kuubeba mvuke wote iliokuja nao. (Tuna kichekesho chetu hapa: uwanda huu ni maarufu kwa shida ya maji, watu wameshuka mabondeni na ndoo kichwani tangu enzi na enzi, na kila kipupwe maji yanapita juu ya vichwa vyetu yakiwa hewani.)

Lakini mvuke peke yake hauwashi taa. Mvuke ni gesi, leza hupita ndani yake bila kutikisika. Kinachohitajika ni kitu cha kuushika, na hewa yetu haikosi vitu hivyo. Upepo wa bahari hubeba chumvi: povu la wimbi likipasuka, matone madogo sana hurushwa juu, maji yake yanakauka na chumvi inabaki ikielea, inasafiri zaidi ya kilomita 100 hadi kutufikia. Kuna moshi wa kuni. Kuna salfeti zinazotokana na kuungua kwa mafuta ya magari na meli. Wapenda chumvi mezani wanajua kilichobaki: kipupwe, chumvi iliyo kwenye kibakuli hulowa yenyewe bila mtu kuitia maji. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chembe ya chumvi huyeyuka na kuwa tone, na ukifika asilimia 90 kipenyo cha tone hilo ni zaidi ya mara mbili ya chembe kavu iliyolizaa. Mara mbili ya kipenyo ni mara nane ya ujazo. Uchafu ni uleule, gramu kwa gramu, ila umevaa koti la maji, na leza haijui koti wala mvaaji.

Salfa, kwa upande wake, haiyeyuki kwenye maji. Punje ya salfa kwenye hewa yenye unyevu hubaki punje ya salfa. Hili nililijua toka shuleni, na lingetosha kunitia shaka kabla ya kikao kama ningelikumbuka.

Kulijua jambo hakutoshi kumwekea mzee mezani, kwa hiyo tulilipima. Wanafunzi wa kidato cha tatu walitundika ukutani vipimajoto viwili, kimoja kitupu, kingine tungi lake limefungwa kitambaa kilichochovywa kwenye kopo la maji. Maji yanapovukizwa kutoka kwenye kitambaa hukipoza kipimajoto, na hewa ikiwa kavu tofauti ya vipimajoto hivyo ni kubwa. Hewa ikiwa imeshiba mvuke, hakuna kinachovukizwa na vyote viwili vinasoma sawa. Asubuhi kumi mfululizo, kwa zamu, watoto walisoma kila nusu saa tangu kabla ya kucha. Alfajiri zote ambazo taa ilikuwa nyekundu vipimajoto vilikuwa vimelingana au vimetofautiana kidogo sana. Alfajiri mbili ambazo usiku ulikuwa na upepo na hewa ikabaki kavu kidogo, taa haikufika nyekundu, ingawa moja ya hizo mzee alikuwa anapulizia tangu saa 11.

Kisha tukatafuta namna ya kuyavua makoti. Vituo vikubwa vya kupimia hewa hukausha hewa kwanza kabla ya kuhesabu chembe zake. Sisi tulichukua boksi la mbao la kulelea vifaranga, tukaweka ndani balbu ya zamani ya kioo, ile inayotoa joto, tukaacha tundu chini na tundu juu, na kifaa tukakiweka karibu na tundu la juu. Hesabu yake ni fupi. Hewa ya nyuzi 18 iliyoshiba mvuke, ukiipasha moto hadi nyuzi 30 bila kuiongezea wala kuipunguzia maji, unyevu wake unashuka kutoka asilimia 100 hadi karibu nusu. Hujatoa hata tone moja la maji, umeiongezea hewa uwezo wa kubeba, na matone yanaanza kuurudisha mvuke hewani na kunywea. Kwa asubuhi tano kifaa ndani ya boksi kilisoma kama robo ya kile ambacho kingesoma dirishani. Robo iliyobaki ilikuja na harufu: ilipanda majiko yalipowashwa kwa ajili ya chai, ikashuka watoto walipokwisha kwenda shule.

Mwanafunzi mmoja wa kike, mwenye mdomo kuliko wote darasani, akauliza: "Kwa hiyo mwalimu, bila vumbi hakuna ukungu?" Nikamwambia aende kutafuta chupa ya maji ya plastiki na kiberiti. Unatia maji ya moto kidogo, unatikisa, unaminya chupa na kuachia. Hakitokei kitu cha maana. Unawasha njiti, unaizima, unatumbukiza moshi wake kidogo ndani ya chupa, unafunga, unaminya, unaachia. Wingu. Unaminya, linatoweka. Unaachia, limerudi. Mskoti mmoja, John Aitken, alionyesha jambo hili hili kwa vyombo vya kioo miaka ya 1880: hewa iliyochujwa vumbi haikufanya ukungu, ya kawaida ilifanya. Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa Kiswahili akaja kutazama kuna nini, akabaki akituambia kwamba lugha yetu inauita ukungu ule unaofunika bonde na ule unaoota juu ya mkate uliochacha, na kwamba huenda wahenga walikuwa wanajua kitu.

Wakubwa nao hukwama papo hapo

Nilipoanza kusoma zaidi usiku, nikagundua kwamba kosa langu la dirishani linawasumbua wanasayansi wa tabianchi kwa miaka mingi, tena wao wakiwa na setilaiti. Setilaiti ikitazama bahari kutoka juu, mara nyingi inaona kwamba palipo na chembe nyingi hewani pana mawingu mengi pia. Ni rahisi kusema chembe zimezaa mawingu, na kwa sehemu ni kweli, kama chupa ilivyotuonyesha. Lakini hewa yenye mvuke mwingi hukuza mawingu na wakati huohuo huvimbisha chembe zikaonekana nyingi kuliko zilivyo. Ni alfajiri ya mzee, ila kwa ukubwa wa bahari nzima. Ukitaka kujua sehemu ya chembe, lazima kwanza uijue sehemu ya mvuke.

Na sababu ya kutaka kujua si udadisi mtupu. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti yake ya 2021, lilikadiria kwamba dunia kati ya 2010 na 2019 ilikuwa imepata joto la takriban nyuzi 1.1 kulinganisha na nusu ya pili ya karne ya 19. Gesi zinazohifadhi joto, zingeachwa peke yake, zingeleta kati ya nyuzi 1.0 na 2.0. Vitu vingine vitokanavyo na shughuli za watu, vikiongozwa na chembe hizi za hewani, vilipoza kwa kiasi kilicho kati ya nyuzi 0.0 na 0.8. Tazama upana wa makadirio hayo ya mwisho. Gesi tunazifahamu vizuri, chembe ndizo zinazotutatiza, kwa sababu zinabadilika kila saa, zina maumbo na asili tofauti, zinalowa na kukauka, na zinayagusa mawingu. Chembe zikiwa nyingi, maji yaleyale ya wingu hugawanywa katika matone mengi madogo, wingu linakuwa jeupe zaidi na kurudisha mwanga mwingi zaidi wa jua. Masizi meusi hufanya kinyume, hunyonya joto. Kwa hiyo swali "vumbi linapasha au linapoza?" halina jibu moja, kama vile swali "dawa inaponya au inaua?" halina jibu moja.

Mara chache dunia hutufanyia jaribio yenyewe. Tarehe 15 Juni 1991 volkano ya Pinatubo huko Ufilipino ililipuka, ikarusha juu sana angani gesi ya dioksidi ya salfa kama tani milioni 15 au zaidi. Gesi hiyo ikageuka chembe ndogo za asidi ya salfa zilizozunguka dunia, na mwaka uliofuata wastani wa joto ukashuka kwa karibu nusu nyuzi. Kilichonivutia zaidi ni kilichofuata: dunia ilipopoa, mvuke wa maji angani nao ukapungua, na wanasayansi walipouacha upungufu huo nje ya hesabu zao, upoaji waliopata haukufikia ule uliopimwa. Chembe ziligusa, mvuke ukaongeza mguso. Jaribio jingine tumelifanya wenyewe bila kulikusudia: tangu tarehe 1 Januari 2020 meli duniani kote zinatakiwa kutumia mafuta yasiyozidi asilimia 0.5 ya salfa, badala ya 3.5 ya zamani. Hewa ya bandarini imekuwa nafuu kwa mapafu, na alama nyeupe za mawingu zilizokuwa zikifuata meli baharini zimepungua. Ni kiasi gani cha joto la miaka hii kimetokana na kuondolewa kwa kivuli hicho, bado wanabishana.

Kuhusu mvuke wenyewe, kuna hoja niliyoisikia kijiweni na nikaisoma mitandaoni: kwamba mvuke wa maji ndio unaohifadhi joto zaidi kuliko gesi zote, basi kelele za hewa ukaa ni za nini? Nusu ya kwanza ya hoja ni kweli. Karibu nusu ya joto lote linalohifadhiwa na angahewa huhifadhiwa na mvuke, na hilo halikujulikana jana. Mwaka 1856 mwanamke wa Marekani, Eunice Foote, aliweka vipimajoto ndani ya mitungi ya kioo juani, akaona ule wenye hewa nyevu unapata joto kuliko wenye hewa kavu, na ule wenye hewa ukaa unapata zaidi na unachelewa kupoa. Vifaa vyake havikuzidi vya maabara yetu. Nusu ya pili ya hoja ndiyo inayoanguka. Mvuke hukaa angani kwa wastani wa siku tisa hivi, kisha unarudi chini kama mvua au umande. Huwezi kuujaza mvuke angani ukabaki: hewa ikishiba, inatema. Kiwango chake kinaamuliwa na joto. Hewa ya nyuzi 20 hubeba hadi gramu 17 za mvuke kwa mita ya ujazo, ya nyuzi 30 hubeba gramu 30. Kila nyuzi 1 inapoongezeka, uwezo huo hupanda kwa asilimia 7 hivi. Hewa ukaa, ambayo sehemu kubwa yake hukaa karne na karne, ndiyo inayopandisha joto, mvuke unafuata na kulizidisha. Ni kama tajiri na mpambe wake: mpambe anapiga kelele zaidi, lakini hakuja mwenyewe.

Huku kwetu asilimia hiyo 7 si hesabu ya ubaoni. Aprili 2019 tulikaa macho tukisubiri kimbunga Kenneth, watu wa pwani wakahamishwa, kikaishia kuwapiga ndugu zetu wa Cabo Delgado. Mei 2024 Hidaya ilileta mvua iliyokata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Vimbunga vilikuwapo zamani pia, Lindi ilipigwa Aprili 1952, kwa hiyo siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba Hidaya imeletwa na moshi wa viwanda. Ninachoweza kumwambia ni kwamba kimbunga kinachopita juu ya bahari yenye joto zaidi kinakuta hewa yenye maji mengi zaidi ya kumwaga.

Yule binti mwenye mdomo aliuliza swali la pili, ambalo najua linaulizwa pia na watu wenye suti: kama chembe zinapoza, kwa nini tusizirushe nyingi? Kwa sababu hizi za hapa chini hazidumu, nikamwambia, zinaanguka baada ya siku au wiki, wakati hewa ukaa inabaki. Ukiacha kuzirusha, joto lote ulilolificha linakuja kwa mkupuo. Na kwa sababu uchafuzi wa hewa, wa nje na wa jikoni, unahusishwa na vifo takriban milioni 7 kila mwaka duniani. Hakuridhika kabisa, na sikutaka aridhike.

Kurudi kwenye uzio

Nilimpelekea mzee majibu kwake nyumbani, si kikaoni. Shikamoo, marahaba, nikaketi kwenye mkeka, nikamwonyesha daftari la vipimajoto. Alilitazama kwa muda, kurasa zote kumi.

"Kwa hiyo ulikuwa ukungu."

"Ulikuwa ukungu, mzee wangu. Na chumvi ya bahari, na majiko yetu. Naomba radhi kwa ile picha."

"Yamekwisha, mwalimu," akasema, na ningeondoka hapo, kisa kingekuwa kimekwisha kwa heshima. Lakini kulikuwa na jambo lililonikaa rohoni, nikaona bora niliseme kuliko lije lisemwe na mwingine.

Kifaa hakikumsafisha. Unga wa salfa wa kupulizia una punje kubwa, nyingi zikizidi sana zile maikromita 2.5, na vifaa vidogo kama changu punje kubwa hivyo havizioni vizuri, nyingi hata hazifiki mbele ya leza. Kwa hiyo kifaa kilipowaka hakikuwa kimeona salfa, na kama salfa ingekuwapo huenda pia kisingeiona. Watu wote walikuwa wamebishana kwa kutegemea shahidi asiyemjua mshitakiwa.

Tulikuwa tumefanya kitu kingine, cha bei ya vipande vya kioo. Watoto walipaka mafuta mazito ya kujipaka kwenye vioo sita vya hadubini, wakavilaza kwenye madirisha ya mashariki na ya magharibi, wakavibadilisha kila siku na kuandika tarehe. Siku ambazo hakukupulizwa, vioo vilikuwa na vumbi jekundu la njia na mabaki ya majani. Siku za kupulizia, hasa zile ambazo kazi ilichelewa na kusi ikaamka, vioo vya mashariki vilikuwa na punje za njano, unaziona kwa lenzi ya mkono bila shida. Vya magharibi vilikuwa na chache mno. Salfa inawasha macho na koo, hilo halihitaji kifaa. Watoto wa upande wa mashariki hawakuwa waongo.

Mzee alikipokea kioo, akakiinua kuelekea mlangoni penye mwanga, akafumba jicho moja.

"Hii ndiyo salfa," akasema. "Hii naijua."

Walikubaliana yeye na mwenyekiti, bila mimi kuwapo, kwamba mistari minne ya mikorosho iliyo karibu na uzio ipuliziwe kwanza kabisa, saa 11, wakati upepo umelala, na isipomalizika kabla ya saa 1 iachwe hadi siku nyingine. Kwa miwili kati ya hiyo, iliyo jirani kabisa na uzio, mzee aliamua kutumia dawa ya maji badala ya unga. Vioo vya mashariki havikuwa vitupu baada ya hapo, ila punje zilipungua. Kukohoa kwa watoto sikukupima, na wale walioendelea kukohoa mwezi Agosti huenda ilikuwa mafua, huenda jiko la kuni, huenda salfa iliyobaki. Kwenye kundi la wazazi niliandika maelezo marefu ya kusahihisha ile picha. Picha ilikuwa imesambazwa na watu wengi, maelezo yalijibiwa na wawili, mmoja kwa kidole gumba.

Oktoba ikafika, mabibo yakaanza kuanguka, na watu wakaanza kusafisha mashamba kwa ajili ya mvua: kufyeka, kukusanya, kuchoma. Jioni moja taa ikawaka nyekundu tena. Nilikwenda kwanza ukutani kusoma vipimajoto. Vilikuwa vimeachana kwa nyuzi saba, hewa kavu kama karatasi. Ndani ya boksi la vifaranga na nje yake kifaa kilisoma karibu sawa. Jua lilikuwa linazama upande wa Masasi likiwa jekundu, unaweza kulitazama bila kukunja uso, na ng'ambo ya Ruvuma moshi ulikuwa umesimama kwa mistari.

Mzee alikuwa anapita nje ya uzio na baiskeli yake, gunia la korosho nyuma. Akasimama, akanyoosha kidole kwenye dirisha.

"Leo nini, mwalimu?"

"Leo ni moshi, mzee wangu. Moshi mtupu."

"Hilo hata mimi nalijua," akasema, akakohoa, akapanda baiskeli.